Nilifungiwa kiwanda cha ngozi Tabora kwa sababu ya chupa ya asali

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari zenu.

Haya yalinikuta mwenyewe enzi za Ujamaa. Sitaongeza chumvi, maana hayahitaji.

Niliporudi Tabora na diploma ya usindikaji wa ngozi kutoka Ulaya, mtaa mzima ulinicheka. Shemeji yangu alitia fora: "Miaka mitatu kwenye theluji, umerudi kuvundika ngozi? Mwaka hauishi, utauza karanga stesheni."

Katibu wa tawi la chama akaniita bepari. Bepari wa mapipa sita na suruali mbili!

Mtaji sikuwa nao. Wafugaji watatu wa kijiji cha Choma ndio walioniamini, wakawa wananipa ngozi kwa mali kauli: nisindike, niuze, ndipo niwalipe.

Kwa msioijua kazi hii, ngozi huanza kwa kulowekwa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yang'oke. Ukichelewa kuitoa, inalegea kama uji. Hasara.

Maji machafu nilikuwa nayamwaga kijitoni. Nakiri.

Siku moja Mama Zuhura, aliyekuwa akichota maji ya kijito hicho kule bondeni, akatua ndoo mlangoni kwangu. "Mwanangu, diploma yako inanuka. Haya, kunywa."

Sikunywa. Wiki ile ile nikachimba mashimo matatu, nikatia mchanga na mkaa, maji yakawa yanatuama shimo hadi shimo kabla ya kutoka. Nilichora mwenyewe, nikachimba mwenyewe. Mama Zuhura akarudi, akanusa, akachota, akaenda zake. Kwangu kile kilikuwa cheti cha pili.

Ndipo serikali ikaamka.

Afisa wa ofisi iliyosimamia usafi wa maji akaja na baiskeli na barua yenye mihuri miwili. Mashimo yangu hakuyatazama. Akajaza chupa mbili za maji ya kijito: moja ya maabara Dar, ya pili ya kubaki ofisini kwake, ndivyo kanuni ilivyotaka.

Majibu yalirudi baada ya wiki tano. Maji yana sukari nyingi mno, kwa hiyo mwenye kiwanda anashukiwa kupika gongo! Kiwanda kifungwe, asiguse kitu.

Mgambo akapiga kufuli. Ndani kulikuwa na ngozi arobaini kwenye chokaa. Si zangu, za wale wazee wa Choma.

Kesho yake nikaenda ofisini. Ile chupa ya pili ilikuwa rafuni, na sisimizi wameipangia foleni kama watu kwenye duka la ushirika.

Nikamuuliza afisa mbele ya mkubwa wake, "Ndugu, chupa hii ilikuwa ya nini?"

"Ya asali. Chupa za kazi ziliisha, nikatoa mbili za nyumbani."

"Ulizisuuza?"

Akatazama chini. "Bomba la hapa lilikuwa limekatika maji."

Ofisi ya maji, wakuu!

Mkubwa akavua miwani. "Hata hivyo, lazima tuandike Dar, watujibu."

"Mzee, ngozi hazisomi barua. Kesho kutwa ni uji." Nikamsogezea chupa. "Onja. Ikiwa ni gongo, nifunge na mimi."

Hakuonja. Akaandika kibali kwa mkono, nyuma ya ripoti ile ile.

Niliokoa ngozi thelathini na nane. Mbili zilikwisha kulegea, na hasara yake nikaibeba mimi. Nikasindika kwa magome ya migunga, nikauza hadi Nzega, kisha nikaenda Choma kuwalipa wote watatu siku moja, pamoja na zile mbili.

Mkubwa wa wale wazee alipokea fedha, akanitazama kwa huzuni ya utani. "Tulisikia umefungiwa kwa gongo. Sasa umekuja mikono mitupu, hata nusu chupa hukutuletea?"

Nililojifunza: kijito kile kilisafishwa na mwanamke mwenye ndoo. Ofisi ilichangia kufuli. Tangu hapo, mtu akinitisha kwa mihuri, namuuliza kwanza kama maji yale anayanywa.

Mliowahi kukaguliwa na mabingwa wa aina hii, semeni hapa chini. Na wewe uliyekuwa mkaguzi, usijifiche, tunakusikiliza.