Zamu ya Mwenye Shamba

Nilikuwa fundi wa intaneti ya minara katika kampuni moja ndogo ya Nakuru, na mnara ulionisumbua kuliko yote ni wa Kuresoi. Ulisimama kwenye shamba la viazi la mzee mmoja, ukihudumia nyumba ishirini na sita zenye visahani vya kunasia mtandao juu ya mabati. Zote zilitumia masafa yale yale ya mawimbi. Nyumba mbili zikituma kwa wakati mmoja, mnara hausikii hata moja. Ndiyo maana kila nyumba hupewa zamu, kipande cha muda kifupi kuliko kupepesa jicho, kisha inanyamaza ili nyingine iongee. Ukigawa vizuri, kila mtu hudhani yuko peke yake.

Mimi sikugawa vizuri. Mzee alitupa kona ya shamba, akatupa na chai kila tulipopanda, na huko juu mtu aliyekupa ardhi huwezi kumpanga foleni moja na majirani. Kwa hivyo nyumba yake niliipa kipaumbele: ikitaka zamu, inachukua kwanza, nyingine zinagawana masalio. Hakuniomba. Mafundi wote niliowajua walifanya hivyo, na mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kutazama habari tu jioni, basi nani angejua.

Chini ya kilima aliishi msichana aliyemaliza kusomea uuguzi, yeye na mama yake. Alikuwa amepata mahojiano ya kazi kwa video na hospitali moja ya nje ya nchi, Jumamosi saa nne asubuhi. Mama alinipigia simu wiki nzima. "Kijana, itashika?" Itashika, mathe. Nilianza kumchoka, nakiri.

Jumamosi hiyo nilikuwa nyumbani Lanet, kompyuta mapajani, nikiuangalia mnara kwa mbali. Saa nne na dakika tano msichana akanipigia kwa simu ya mama yake. "Boss, wanasema nimeganda. Wananisikia vipande vipande." Nikaangalia zamu. Nyumba ya mzee ilikuwa imemeza karibu zote. Ndipo nikakumbuka alikuwa na wageni wa posa, na mpiga picha alikuwa akirusha sherehe moja kwa moja kwa jamaa walioko ng'ambo.

Kuondoa kipaumbele ni kubonyeza mara mbili. Kidole kilikuwa pale pale. Lakini ningemkatizaje mzee posa ya binti yake, kwa mnara ulio shambani mwake, bila hata hodi? Nikampigia kuomba ruhusa. Hakushika. Nikapiga tena. Nikamtumia ujumbe, nikaanza na pongezi ndefu kabla ya kufika kwenye shida yenyewe. Nikangoja. Heshima si utumwa, husema watu. Mimi siku hiyo nilikuwa mtumwa kabisa. Nilipobonyeza mwishowe, bila ruhusa, ilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili. Mtandao wa msichana ukanyooka. Hospitali ilikuwa imeshakata simu. Walimwandikia kwamba watamjulisha, na hawakumjulisha.

Jumatatu nilipanda Kuresoi kumwomba mzee msamaha, maana matangazo yake yalikwamakwama baada ya mimi kugusa. Nilimkuta akijaza viazi kwenye gunia. Nikamweleza yote, zamu na kipaumbele. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwani hiyo kitu niliitisha?" akauliza. "Wewe ungetoa tu. Huyo si mtoto wetu? Simu niliacha kwa koti, nilikuwa nje napokea wageni."

Niliona haya hadi chai ikanishinda. Nikaziweka nyumba zote sawa hapo hapo, kisha nikateremka kwa yule msichana. Akanipa kiti, akaniambia pole kwa safari, na mama yake akanishukuru kwa kujaribu. Nikasema mtandao ulikuwa na shida. Zile dakika kumi na saba nilizokaa nikingoja ruhusa sikuzitaja, na sijawaambia hadi leo.