Kuni za Bibi Nyamizi

Enzi zetu pale Kigwa, darasa zima la watoto wadogo lilikuwa na kitabu kimoja tu cha picha. Kilinuka mafuta ya taa, maana Mwalimu Salome alikitunza katika sanduku moja na chemli yake. Tulikaa mkekani, yeye akitufunulia ukurasa mmoja mmoja, hadi tufike kwa msichana mwenye gauni jekundu aliyembebea bikizee mzigo wa kuni. "Haya, na ninyi mtafanya nini?" alituuliza, na hakutaka jibu la mdomo. Kesho yake ulipaswa kusema umemsaidia nani.

Basi sisi tukaamini wema ni kuni za bikizee, basi. Mama akiniita nioshe vyombo, najificha. Nina shughuli ya kutafuta bikizee! Na bikizee aliyeishi peke yake alikuwa mmoja tu, Bibi Nyamizi, ng'ambo ya reli. Tuligombania mzigo wake hadi kamba ikakatika. "Taratibu, wajukuu zangu, zipo za kutosha," alisema. Tukifika kwake alitugawia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga, akituuliza habari za kila nyumba hadi jua lipoe.

Siku moja nilichungulia nyuma ya nyumba yake, nikakuta kuni zimerundikwa karibu zifike paa. Nikaenda kumsema kwa mama: "Bibi Nyamizi ana tamaa ya kuni!" Mama hakucheka. "Wewe mbebee tu, mwanangu," alisema.

Leo naishi Mtendeni, peke yangu. Wanangu wako Dar es Salaam, hunipigia Jumapili. Juzijuzi nilimtumia mjukuu wangu kitabu cha picha kwa basi. Akanipigia: "Bibi, mbona picha zake hazitembei?" Nilicheka sana. Simu ilipokatika nyumba ikawa kimya, nikaona uchungu. Watoto wa mtaani kwetu nao wana adabu zao, shikamoo wanaitoa vizuri, ila macho hayabanduki kwenye simu.

Bomba la maji ninalo uani. Hata hivyo, jioni watoto wakishatoka shule, nachukua ndoo, naenda kuchota kwa jirani, kisha narudi nayo polepole nikipita mbele yao. Michembe naiacha mezani, nimeifunika kawa.

Jana nilipita mara mbili.