Niliigiza Yuda Ijumaa Kuu kule Bunia, mji mzima ukanikimbiza

Wakuu, habari za jioni. Leo naleta kisa changu mwenyewe, si cha kuhadithiwa. Anayetaka kubisha abishe, ila aliyepigwa ni mimi.

Miaka ya vita ya Ituri nilikuwa nasoma Kifaransa chuo kimoja Kampala. Mimi Mtanzania. Mtihani wa kuongea, ile oral, nilikuwa naufeli kila muhula. Mwalimu akaniambia bila kumung'unya: nenda ukaishi na watu wanaoongea Kifaransa, la sivyo humalizi.

Paris sina nauli. Nikamganda Dieudo, Mkongo tuliyekuwa naye darasani, anipeleke kwao Bunia likizo ya Pasaka. Nikamuuliza, "Na vita?" Akajibu, "Sasa iko kimya kidogo."

Hiyo "kidogo" ningeitilia maanani, aisee.

Tukavuka Ziwa Albert na boti ya wafanyabiashara wa samaki hadi Kasenyi, kisha lori kupanda mlima. Nilifika nanuka samaki hadi paka wa pale nyumbani walinipokea kabla ya wenyeji.

Kimbembe cha kwanza: Kifaransa hakuna mtu anataka kuongea na mimi! Nikisema bonjour, wananiomba niongee Kiswahili. Wao wana Kiswahili chao cha Kongo, hiki chetu wanakisikia kanisani, kwenye masomo. Mama Dieudo anaita majirani: "Kuyeni musikie, huyu mutoto anasema sawa Biblia!" Mimi naomba maji ya kunywa tu, watu wanatikisa vichwa kama nimehubiri.

Sasa ili mnielewe. Mji ulikuwa umekatika vipande viwili. Makabila mawili yalikuwa yameuana vibaya, sitayataja maana uzi utageuka vita nyingine. Kila moja lilikaa upande wake wa kijito. Katikati daraja, na darajani askari wa kigeni wa kulinda amani na gari lao la deraya. Huvuki.

Mama Dieudo alikuwa na dada yake wa tumbo moja, ameolewa upande wa pili. Tangu mapigano hawajaonana. Na ni pale pale ng'ambo! Kila asubuhi mama akifagia uwanja anasimama, anaangalia ule upande, halafu anaendelea kufagia. Iliniuma sana.

Abbé, yaani padri wa pale, akapata wazo. Ijumaa Kuu kuwe na mchezo wa Mateso karibu na daraja, kisha msalaba upitishwe mkono kwa mkono mpaka ng'ambo. Watu wasivuke, kila upande usimame kwake. Wazee wa pande zote wakakubali kwa sharti moja: ikitokea fujo, basi, hakuna tena.

Mama Dieudo alianza kunyoosha kitenge cha sikukuu wiki haijafika hata katikati. Alitaka tu amwone dada yake kwa macho, ajue yu hai.

Tatizo likawa waigizaji. Yesu aligombewa na pande zote mpaka akapewa fundi baiskeli wa kutoka Niania, asiye wa huku wala kule. Yuda je? Hakuna. Mzee mmoja aliwaka kikaoni: "Mutoto yangu akuwe Yuda? Kesho watasema kabila yetu yote iko Yuda!" Kutoka ng'ambo nako likaja jibu hilo hilo.

Nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, vinaniangalia mimi.

"Weye ni mugeni, hauna kabila huku," Abbé akasema kwa upole kabisa. "Tena unasema sawa Biblia."

Jamani, mimi Mlutheri wa watu nimefuata Kifaransa! Lakini nilimwangalia Mama Dieudo, nikashindwa kukataa.

Kuanzia siku ile sokoni naitwa Yuda. Muuza ndizi ananihudumia amenuna. Bibi wa jirani akaacha kunipa mkono. Na hapo bado tuko mazoezini!

Ijumaa ikafika. Upande wetu wamejaa, ng'ambo wamejaa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nambusu Yesu, wanamkamata, mimi naondoka taratibu nakwenda kujificha nyuma ya jiko la parokia.

Kilichoniponza ni sifa. Niliona umati wote ule unanitazama, nikanogewa. Nikambusu Yesu, halafu nikaangua kicheko kirefu cha kishetani ambacho hakikuwepo kwenye mazoezi.

Weee! Bibi wa jirani ndiye aliyefungua dimba. Ndala ikatua kichogoni. Ya pili ilikuwa ya muuza ndizi. Nageuka kuelekea jikoni, akina mama wameziba njia. Uwazi uliobaki ni wa darajani. Nikatoka nduki na joho langu jekundu, umati nyuma unapiga kelele: "Yuda! Mumukamate!"

Hapo utani uliisha, wakuu. Hebu fikiria uko ng'ambo, unaona watu wa kabila lililoua ndugu zako wanakuja mbio darajani wanapiga kelele. Wanaume wa ule upande wakaanza kuokota mawe. Mmoja ana panga. Askari wakainua bunduki. Niliogopa, sitaficha. Nilijua kicheko changu kinakwenda kuua watu.

Nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "Ni mimi! Ni Yuda! Wanamkimbiza Yuda!"

Mawe yakabaki mikononi. Kisha mama mmoja mrefu wa ng'ambo akavua kiatu. "Kumbe ni ule Yuda! Mumulete huku!"

Wakanichapa pande zote mbili, kwa ushirikiano ambao mji ule ulikuwa haujauona siku nyingi. Watu wakavuka, hakuna aliyekumbuka katazo. Askari wakashusha bunduki, wengine wanajishika mbavu.

Niko chali, yule mama mrefu kanyanyua kiatu juu yangu, mara nasikia sauti ya Mama Dieudo: "Yaya? Yaya, ni weye?"

Yaya kwao ni dada mkubwa.

Kiatu kikaniangukia tumboni. Wakakumbatiana hapo hapo, miguu yao huku na huku ya kichwa changu, wanalia, mimi siwezi hata kuinuka. "Ulikonda," anasema mmoja. "Na weye ulizeeka," anajibu mwenzake. Aliyekuja kunivuta mkono ni Yesu wa Niania, msalaba uko begani.

Watu walikaa pale hadi jua linazama, wanaulizana nani yupo, nani hayupo tena. Machozi yalikuwa mengi kuliko vicheko.

Siku ya kuondoka, Mama Dieudo alinikanda kichogo kwa maji ya moto, akanifungia mihogo ya njiani. Akasema, "Mutoto yangu, mwaka kesho urudie. Tutakupiga tena."

Nikaahidi.

Vita ikarudi kabla ya Pasaka nyingine, daraja likafungwa, sikwenda. Baadaye Dieudo alinisimulia kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo uliofuata mama yake alivaa kitenge chake, akasimama uwanjani anaangalia ng'ambo, akamuuliza: "Na Yuda? Hakuya?"

Somo nililopata: ukiambiwa ugenini huna kabila, kuna kazi inakusubiri. Usiikatae.

Haya, na nyie mliowahi kubebeshwa zigo kwa kuwa wageni, mwageni hapa chini. Wakongo mliomo humu nirekebisheni nilipokosea, ila kuhusu wingi wa ndala sitaki mjadala.