Kumfuata Dume la Salaita

Niliondoka Voi kwa sababu dume letu la bata mzinga lilikufa wakati mbaya kuliko wakati wowote. Majike yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutaga, na dume lilikuwa bado halijayapanda msimu ule. Mimi na jirani zangu wawili tulikuwa tukilitegemea dume hilo moja, na ugonjwa ule wa kupinda shingo ulipopita mtaani kwetu ulilichukua lenyewe na majike manne. Waliobaki walitaga kila siku, mayai makubwa yenye madoadoa, na yote yalikuwa bure. Yai lisilo na dume ni la kukaanga tu. Msimu ukipita hivyo, mwaka mzima umekwenda, na bata wetu wangezeeka bila kuacha kizazi.

Tulipiga simu kila mahali. Mvua zilikuwa zimechelewa, malisho hakuna, na watu walikuwa wameshachinja au kuuza mifugo yao. Ndipo shemeji yangu Bakari, ambaye huenda Taveta kupakia ndizi kwa pikapu yake, akaniletea habari.

"Kuna mama mmoja pale Salaita, anaitwa Wakesho," aliniambia. "Huuza maziwa kando ya barabara. Anasema ana dume lililokimbilia msituni. Anayeweza kulikamata, alichukue."

"Kwa nini yeye halikamati?"

"Ndovu, shemeji. Wamejaa huko."

Sikulala vizuri siku ile. Hata hivyo, asubuhi nilimtia jike langu bora kwenye tenga, nikachukua chandarua cha zamani na kitambaa cha leso, nikapanda mbele ya pikapu kando ya Bakari. Dume la msituni hulifukuzi. Unaliita kwa jike.

Mwatate tulisimama kununua maji na mahindi ya kumlisha jike. Muuzaji alichungulia ndani ya tenga akauliza nakwenda kumuuza wapi. Nilipomwambia ninamtafutia mume, alicheka mpaka akashika meza. Kisha nikamtajia Salaita, naye akaacha kucheka. "Wiki iliyopita ndovu walivunja tangi la maji la watu huko," alisema. "Mama, usitembee asubuhi mapema."

Lakini bata dume huitwa mapema. Hilo ndilo lililoniumiza kichwa njia nzima, kupita mashamba ya makonge, kupita Bura, hadi Maktau ambapo nchi hufunguka na kuwa ya vichaka vikavu. Kila mahali kando ya barabara niliona kinyesi cha ndovu, kingine bado kibichi. Jike lilihema kwa joto, mdomo wazi, nami nikawa nalinyunyizia maji na kujiuliza kama litafika hai.

Salaita tulifika mchana. Wakesho alitoka kunipokea, mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya haraka. "Karibu dada, karibu. Huyo ndiye bibi harusi?" Alilichukua tenga mwenyewe na kuliweka kivulini. Bakari akaendelea na safari yake ya Taveta, akiahidi kunipitia kesho kutwa.

Mume wake, Mwakio, alikuwa amekaa ndani karibu na mlango. Aliinuka kunisalimu akiegemea fimbo. Baadaye, tukichambua mbaazi jikoni, Wakesho alinieleza kwa sauti ya chini. Kiangazi kilichopita ndovu mmoja alisukuma ukuta wa jiko akitafuta mahindi, na ukuta ukamwangukia Mwakio mguuni. Siku hiyohiyo banda la bata lilivunjwa. Mbwa alikimbia na hakurudi tena. Majike yaliliwa na wanyama, dume likabaki msituni.

"Tangu hapo mume wangu hajavuka ule ua," alisema. "Mguu umepona. Ni moyo."

Jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, nililisikia lile dume kwa mara ya kwanza. Gulu-gulu-gulu! Mlio ulitoka mbali kwenye migunga, mzito, wenye nguvu. Jike langu liliinua shingo ndani ya tenga. Nami moyo uliruka kwa furaha, kisha ukashuka, maana kabla ya mlio ule nilikuwa nimesikia tawi likivunjika.

"Analala juu ya ule mgunga mkubwa," Wakesho alisema. "Una miiba kila mahali, na chini yake ndiyo njia ya ndovu. Usiku hakuna mtu wa kwenda pale."

Asubuhi, baada ya kuswali, tulitoka mimi na Wakesho. Mwakio alisimama mlangoni. "Mkisikia upepo umegeuka, rudini," alisema. "Msingoje kuwaona." Sauti yake ilikuwa kavu.

Tuliingia kwenye handaki moja, mojawapo ya yale ya vita vya zamani vya Waingereza na Wajerumani, ambayo siku hizi yameota majani na mbuzi hulala humo. Lilitufika kifuani. Nilimfunga jike mguu kwa ukanda wa leso, nikampigilia kigingi hatua chache mbele yetu, chandarua nikakiweka mapajani. Kisha nikaanza kuita kama jike aitavyo. Tiu, tiu, tiu. Miaka yote niliyofuga bata nimeuiga mlio huo kuwaita wangu jioni, na hunijia bila shida.

Dume likajibu papo hapo. Nikaita tena, likajibu. Lakini halikusogea. Kila nikiita ndivyo lilivyozidi kulia palepale lilipo, kama mtu anayesubiri kuletewa chakula mezani. Jasho lilinitoka. Nilianza kuita zaidi, haraka zaidi, huku nikijua nakosea, maana jua lilikuwa linapanda.

Wakesho akanishika kifundo cha mkono. "Nyamaza."

Nilidhani amechoka na kelele zangu. Kisha nikawaona. Ndovu jike mwenye mtoto, na nyuma yake wengine, wekundu kwa vumbi, wakija taratibu kati ya vichaka. Kwa ukubwa ule, hatua zao hazikusikika kabisa. Kilichosikika ni matawi yakivunjika, na kila tawi lilipovunjika, dume letu lililia gulu-gulu-gulu kwa nguvu zake zote.

Tulijikunja ndani ya handaki. Niliuona mguu mmoja ukipita juu ya ukingo, ngozi imekunjana kama turubai, na udongo ukanimwagikia shingoni. Jike langu lilikuwa nje pale, limefungwa. Nilitaka kukata ule ukanda na sikuweza kuinua hata kidole. Nilisoma kila aya niliyoijua. Wakesho alikuwa akisali kwa lugha yake ya Kidawida, midomo tu ikicheza. Yule mama ndovu alisimama, akavuta pumzi ndefu upande wetu. Upepo ulikuwa bado unatupiga usoni. Kisha akamsukuma mtoto wake kwa mkonga, wakaenda.

Tulikaa muda mrefu tumejikunja palepale. Sikuthubutu kuita tena, na nadhani hilo ndilo lililolileta dume. Dume lililokuwa likijibu na kungoja sasa halikusikia chochote, likaja lenyewe kutazama. Lilitokea nyuma ya kichaka limejitanua, mkia kama feni, kichwa kimebadilika kutoka buluu hadi nyekundu. Lilimzunguka jike, likamzunguka tena. Jike liliinama chini. Dume likampanda pale pale mbele yetu, na Wakesho akaziba mdomo kwa kanga asicheke, machozi ya woga bado mashavuni.

Lilipokuwa linashuka nililirushia chandarua. Lilipiga mabawa likanichubua mikono, lakini nililidaka.

Nyumbani tulirudi kama tunaokimbia. Wakesho alikuwa akisimulia kabla hata ya kufika. Mwakio alitutazama sisi, halafu akalitazama dume ndani ya chandarua.

"Mmempata," alisema.

"Tumempata!" mkewe akajibu.

Mwakio alitupa pole na hongera kama inavyotakiwa, akaingia ndani. Chakula cha mchana hakukila. Nilidhani ni mguu. Dume tulilifunika kwa gunia ili litulie, na gizani bata mzinga hunyamaza kabisa.

Alfajiri iliyofuata niliamka kutafuta maji ya kutawadha. Mwakio alikuwa amekaa mlangoni, viatu miguuni, sufuria na mwiko mapajani, tayari kuwapigia ndovu kelele. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, hukulala?"

"Yule ndege akisikia ndovu hulia, hata usiku wa manane," alisema. "Najua wako upande gani, mbali au karibu. Asipolia, nalala. Tangu mbwa atoroke ndivyo ninavyoishi. Jana usiku kulikuwa kimya, lakini yeye akiwa chini ya gunia, kimya sikielewi."

Wakesho alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. "Kwa nini hukuniambia? Nilidhani unauchukia ule mlio! Nilidhani unakukumbusha ile siku!"

"Ulishaahidi watu," alisema Mwakio. "Dada ametoka Voi. Ahadi ni ahadi. Mchukue, dada, sisi tutatafuta mbwa."

Wakesho akanigeukia, naye akasema nimchukue, kwa sauti isiyotaka. Nilikaa kwenye kigoda. Niliwafikiria jirani zangu na mayai yao, na namna watakavyotoka nje wakisikia pikapu. Niliona aibu mapema. Lakini kuna jambo ambalo kila mfugaji wa bata mzinga analijua: jike likipandwa mara moja, mbegu hukaa ndani yake, na mayai hushika kwa wiki kadhaa. Kama kile tulichokiona handakini kilifanyika sawasawa, nilikuwa tayari na nilichokijia. Kama hakikufanyika, nilikuwa sina kitu. Hakukuwa na njia ya kujua.

Niliondoa gunia na kulifungua dume. Lilisimama kidogo, likajikung'uta, kisha likakimbia kuelekea migungani bila kugeuka.

Hapo ndipo wasiwasi mwingine ulipoanza. Asubuhi yote halikulia. Tulikunywa chai tukisikiliza. Mwakio alitoka hadi uani, akasimama kwenye ule ua aliokuwa havuki, akageuza sikio. Hakuna. Bakari alipofika na ndizi zake, bado hakuna. Niliagana nao nikiwa na hofu kwamba nimelitisha likahama, kwamba nimewanyang'anya usingizi na bado ninarudi mikono mitupu.

"Nenda salama, dada," Wakesho aliniambia, akinisukumizia mikononi kibuyu cha maziwa. "Umetutendea wema."

Sikuwa na hakika.

Tulipokaribia Mwatate, jua likielekea kuzama, simu ililia. Alikuwa Wakesho. "Amelia," alisema, na nikasikia anatabasamu. "Yuko kwenye mgunga wake. Na huyu wangu ameshalala, na giza halijaingia! Anakoroma, dada." Bakari alinitazama akauliza nalia nini. Nilimwambia vumbi.

Voi jirani zangu walitoka kama nilivyojua, wakatazama ndani ya tenga na kuona jike lilelile nililoondoka nalo. Niliwaeleza yote, wamekaa kwenye mkeka wangu. Mmoja alinung'unika, na haki yake. Mwingine aliuliza tu, "Una hakika lilipandwa?" Nikasema niliona kwa macho yangu, ila yaliyo ndani ya jike anayajua Mungu. Nilimtenga na wenzake, maana ugonjwa haujaisha, nikakusanya mayai yake na kumtafutia kuku wa kuyaatamia.

Wiki moja baadaye, niliingia bandani kuyamulika mayai kwa tochi ya simu, na jirani zangu wote wawili wamenisimamia nyuma. Yai la kwanza lilikuwa tupu, linang'aa lote. La pili tupu. La tatu lilikuwa na kiini cheusi, na mishipa myekundu imetawanyika pande zote, na katikati kitu kidogo kinacheza. La nne vilevile. Na la tano. Yule aliyekuwa amenung'unika aliniomba tochi aangalie mwenyewe, akaangalia mpaka nikamkumbusha kwamba mayai yatapoa.

Nilichojifunza ni hiki: nilikwenda kuuliza kama kitu kina mwenyewe, nikaambiwa mwenyewe amekitoa, nikaona imetosha. Haikutosha. Siku hizi nikitaka kuchukua kitu nauliza pia ni nani anayekisikiliza. Voi mvua zimeanza. Salaita bado hakujanyesha, na ndovu wangali wakizunguka kutafuta maji. Kila asubuhi, kabla ya kuwalisha bata, nampigia Wakesho simu, na mpaka apokee huwa sikai chini.