Mkono Nilioushukuru Kabla Haujapona

Asifiwe Mungu aliyempa mtu kiganja kinachogeuka: kikitazama juu kinapokea, kikitazama chini kinabariki. Uzuri wa kazi hiyo niliujua siku kiganja changu kilipokataa kugeuka. Leo nasimulia nikicheka, kwa kuwa Yeye ndiye aliyenifikisha mahali pa kuchekea.

Nilikuwa fundi wa mashine katika kinu cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Msimu mmoja robota la pamba liliteleza kutoka kwenye rundo likaniangukia, nikavunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Nilipelekwa kituo kimoja cha afya. Tabibu kijana aliupapasa, akasema ni ufa mdogo tu, akanifunga plasta bila kunipiga picha ya eksirei. Plasta ilipofunguliwa, mkono ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe uliochongwa na mlevi, na kiganja kinatazama chini tu.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi, mzee wa kanisa, Jumapili ileile nilisimama mbele nikiwa na jogoo wa shukrani, nikatangaza kwamba Bwana ameniponya. Vigelegele vikapigwa. Jogoo naye akawika. Aliyenyamaza ni mke wangu peke yake.

Tulipofika nyumbani alinimiminia karanga za kukaanga kiganjani, kama tulivyozoea. Zote zikamwagika chini.

"Umepona, baba?" aliniuliza.

"Mhola," nikajibu. Sisi Wasukuma ndivyo tulivyo. Ukiulizwa hali utasema mhola, yaani salama, hata kama nyumba inaungua nyuma yako.

"Hiyo ni mhola ya kuku," akasema. Kuku walikuwa wameshaanza kuzila zile karanga.

Nikajaribu kuvumilia. Spana ilinishinda, tonge la ugali likanishinda, nikawa nakula kwa kijiko kama mgeni wa serikali. Mwishowe nilikwenda hospitali kubwa zaidi. Daktari wa mifupa alinipiga picha, akasema mfupa umeunga vibaya. Ilibidi ukatwe na kunyooshwa upya, na kadiri nilivyochelewa ndivyo matumaini ya kiganja kugeuka tena yalivyopungua.

Nikaenda kinuni kuomba nipelekwe kwenye matibabu hayo. Msimamizi wangu, ambaye pia huimba besi kwenye kwaya yetu, alinitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, suala lako tulishalifunga. Tulitoa taarifa kwa mfuko wa fidia kwamba umepona."

"Nani aliwaambia nimepona?"

"Si wewe? Mimi nilikuwa mstari wa nyuma na kwaya, nikakusikia kwa masikio yangu. Ulitaka nikubishie mbele ya madhabahu?"

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Niliona kwamba nikidai, nitakuwa nimemnyang'anya Mungu jogoo wake. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunga khanga.

"Mungu ulimshukuru kwa uhai, na uhai unao. Ile plasta hakuifunga Yeye. Inuka twende."

Alinipeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria pale mjini. Mwanasheria alikuwa binti aliyehamia kwetu kutoka Kilimanjaro, na salamu zetu alikuwa ndio kwanza anajifunza.

"Mwangaluka, guku," akaniamkia, akiniita babu kwa heshima. "Mhola?"

"Mho..." Mke wangu akanikanyaga mguu. "Si mhola, mjukuu wangu," nikasema. "Mkono wangu ni mbovu."

Sikuwahi kusema hivyo tangu niumie. Nilijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Binti alinieleza taratibu. Kwa kuwa niliumia kazini, nina haki ya kuomba mfuko wa fidia ya wafanyakazi ulifungue tena suala langu na kugharimia matibabu mapya, maana taarifa ya kupona haikutoka kwa daktari. Naweza pia kulalamika kwa wakuu wa kituo, hata kwa baraza linalosimamia madaktari. Tena naweza kufungua kesi ya uzembe mahakamani, ila kesi ina muda wake. Ukipita, mlango umefungwa. Kwa vyovyote vile, nichukue kwanza kumbukumbu zangu za matibabu na picha za mfupa.

"Na ule ushuhuda wangu kanisani?" nikauliza.

Akajizuia kucheka, akashindwa. "Guku, mchungaji hasomi picha za mifupa."

Nilichagua kuanza na matibabu, na kulalamika kwa wakuu wa kituo ili mwingine asifungwe kama mimi. Mahakama tuliiacha kwanza, huku binti akiuangalia ule muda. Msimamizi wangu mwenyewe ndiye aliyesahihisha taarifa yake. Tabibu kijana alifika nyumbani kuniomba radhi. Tukala naye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga, nami nikala kwa kijiko mbele yake. Aliniambia kwamba pale kituoni sasa hakuna plasta bila picha.

Suala likafunguliwa tena. Nilipasuliwa Mwanza, nikarudi na mazoezi ya kukigeuza kiganja asubuhi na jioni, na mke wangu akiwa mnyapara.

Ndipo nikaomba nafasi ya kutoa shukrani tena. Mchungaji alinitazama juu ya miwani yake. "Mzee, safari hii tuoneshe mkono kwanza."

Kanisa likaangua kicheko. Kabla sijafungua kinywa, mke wangu alikuja mbele na bakuli, akanimiminia karanga kiganjani mbele ya watu wote. Chache zilianguka, maana mkono haujarudi kama zamani, na watoto wakazigombania. Nyingine zote zilikaa. Nikazitazama.

"Umepona, baba?" akaniuliza.

"Nimepona kiasi hiki," nikasema, nikainua kiganja. Safari hii kigelegele cha kwanza kilikuwa chake.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie kiganja kinachogeuka na riziki ya kukijaza. Ukiulizwa hali, akupe ulimi wa kusema kweli. Na ulimi ukikushinda, akuweke karibu na mtu wa kukukanyaga mguu.