Wageni wa Meli na Kiti cha Mama Mkubwa

Mwanangu, kila nikisikia meli ya watalii imeingia Mtwara, nakumbuka siku moja ya ujana wangu, na kiti kilichowekwa kando ya barabara kule Mnyambe.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Sina kazi, nina shati moja la heshima, na Kiingereza kingi kuliko matumizi yake. Wakala mmoja wa utalii akanichukua kwa majaribio niwe mkalimani. Wageni wachache walikuwa wanashuka melini kwa safari ya nchi kavu: wapande Newala wakatazame bonde la Ruvuma, washukie Masasi, jioni wakaone tembo mtoni kwenye pori la akiba, walale mjini, kesho yake warudi kwa barabara ya Ndanda kabla meli haijang'oa nanga.

"Wakirudi wameona tembo," wakala aliniambia, "kazi ni yako msimu mzima."

Mama yangu akaanza kuwatangazia majirani, na hapo ndipo aliponiponza. Habari ikafika Mnyambe, kijiji kilichokuwa njiani mwetu, kwa dada yake, Mama Mkubwa, na kwetu mtu hapiti mlangoni kwa mzazi wake bila kuingia kuamkia, hata kama anaendesha gari la serikali. Mimi nilipanga kupita. Tembo hawangenisubiri. Lakini tulipokaribia nilimwona amekaa kwenye kiti, karibu sana na lami, kanga mpya, ametulia kama askari wa kizuizi cha barabarani. Dereva akasimamisha gari bila kuniuliza.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Tuna haraka kidogo."

"Marahaba. Haraka ni yako, wageni ni wangu."

Wakakalishwa barazani, zikaja korosho za kukaanga, wakapiga picha. Mama Mkubwa aliwaacha wamalize. "Wao wametoka mbali kuja kunitazama," akasema. "Na mimi nataka kuwatazama." Akamgeukia mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, aliyekuwa anasafiri peke yake. "Muulize, yeye ni mama nani?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Chuoni nilikuwa nimesikia kwamba Wazungu hawaulizwi mambo ya nyumbani kwao. Basi nikamuuliza kama kiti kinamfaa. Yule mama akatabasamu, akakipapasa.

Mama Mkubwa akanikazia macho. "Nimemuuliza habari za mtoto, yeye anapapasa kiti. Umemwambia nini?"

Dereva akageukia ukutani kucheka.

"Mama Mkubwa, wenzetu hawaulizani hivyo."

"Uliwauliza, ukajua kwamba hawaulizani?"

Nikauliza swali lenyewe. Yule mama akaishusha kamera yake mapajani, nikaiona kazi yangu inaondoka. Kisha akasema alikuwa na mtoto mmoja, Jonas, naye amefariki.

Nilipotafsiri, Mama Mkubwa akasogeza kiti chake karibu. "Pole sana. Basi yeye ni Mama Jonas. Mtoto akifa, jina la mama haliondoki."

Hayo niliyafikisha yote. Mama Jonas akaanza kuzungumza: jinsi Jonas alivyochukia uji, jinsi alivyokuwa akifuga konokono kwenye sanduku la viatu. Mama Mkubwa anauliza, mimi natafsiri, jua linashuka, na akilini namwona tembo wangu akinywa maji na kuondoka zake. Melini, alisema Mama Jonas, watu humuuliza ametoka nchi gani na kama chakula ni kizuri. Jina la Jonas hakuwahi kulitaja tangu apande.

Tulifika mtoni tukakuta nyayo kubwa kwenye tope, maji yanaingia ndani yake taratibu. Askari wa wanyamapori akasema tembo wameondoka muda si mrefu.

Kesho yake tulisimama Nanganga kunywa chai. Muuza maandazi akamwamkia mgeni wetu, naye akaitika "Marahaba" kama nilivyomfundisha. Kisha akaongeza mwenyewe: "Mimi Mama Jonas. Wewe mama nani?" Biashara ya maandazi ikasimama kwa muda.

Bandarini wakala aliniuliza neno moja: "Tembo?"

"Nyayo," nikasema. Hakuniita tena.

Lakini Mama Jonas, akiwa katikati ya ngazi ya meli, aligeuka. "Na wewe," akaita, "baba nani?"

Safari nzima nilikuwa nimewaeleza kila kilima na kila mti, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kunihusu mimi. "Bado," nikajibu. Wapagazi wakacheka. Nikapanda basi la Newala kurudi nyumbani bila kazi, natabasamu peke yangu kama mjinga.

Mwanangu, meli zitaendelea kuja, na ninyi vijana mtaajiriwa kuwaonyesha wageni bonde, vinyago na wanyama. Waonyesheni, ni kazi nzuri, na tembo muwawahi. Lakini mgeni naye ni wa kutazamwa. Muulize kwake kuna nini na amemwacha nani. Uliza kwa adabu, na asipotaka kusema mwache. Usimjibie kabla hujamuuliza. Na wewe usikubali kuwa kibao cha barabarani, kinachoonyesha njia na hakuna anayekisemesha.

Mungu akupe wageni wa kukuchelewesha kwa mambo ya heri, akufikishe bandarini meli ingali pale, na popote utakaposhuka akukutanishe na mtu aliyekuwekea kiti, anayetaka kujua wewe ni mama nani, au baba nani.