Saa Sita Mtandao wa Bosi Unakufa, Nikamsingizia Mpishi

Guangzhou, mwaka 2007. Kila ikifika saa sita mchana, mtandao wa bosi unakufa.

Sio wa ofisi nzima. Wa chumbani kwa bosi tu! Saa nane unarudi wenyewe.

Bosi alikuwa Mama Benedicta, Mchaga mwenye ofisi ya kusafirisha makontena pale Xiaobei, ghorofa mbili. Mimi ndiye fundi niliyemfungia wayalesi. Visahani vitano vya kurusha mtandao darini, vyote vinapata umeme kutoka swichi moja, kifaa cha kugawa intaneti, kwa waya uleule unaoleta intaneti. Nilijiona mkali kweli.

Siku ya nne makaratasi ya kontena yakachelewa kufika bandarini Nansha. Meli ikaondoka.

"Mikaeli," Mama akaniambia mbele ya wateja, "leo utaniambia nani anazima, la sivyo fungasha."

Macho yangu yakaangukia kwa Séphora.

Séphora alikuwa mpishi wa ofisi, dada wa Lubumbashi, analala stoo humohumo. Kila saa sita anachomeka sufuria lake la umeme apike wali.

"Huyo hapo," nikasema. "Anachomoa swichi apate pa kuchomeka sufuria."

Sikuwa nimemwona. Hata mara moja.

"Miye? Sikuchomoa kintu, naapa, je vous jure! Fundi, angalia mu carton! Mu carton ya swichi!"

"Carton ya nini tena? Usinichanganye, dada."

Jioni ile akafukuzwa, akatoka na begi lake. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Kesho yake, saa sita. Sufuria halipo, Séphora hayupo. Mtandao ukafa.

Nikaenda kulitafuta boksi la swichi, ile carton yake. Ndani kulikuwa na kipande cha daftari, mwandiko wa Séphora:

"Fundi, laoban wa duka anasema kila kisahani wati 13. Vitano ni 65. Swichi hii inatoa 60 tu. Watu wakiwa wengi kimoja kitazima. Haitoshi."

Hapo nikakumbuka. Séphora ndiye aliyenisindikiza soko la kompyuta kunitafsiria Kichina. Muuzaji aling'ang'ania nichukue swichi kubwa. Séphora akaanza kunieleza sababu, nikamkata kauli. Kumbe akaiandika, akaitia ndani ya boksi.

Wafanyabiashara wa Xiaobei tulishazoea: laoban akikuonyesha kikubwa, anawinda hela yako. "Tai gui le! Ghali!" nikapiga kelele, nikabeba ndogo. Nilihesabu matundu manane, nikaona matatu yanabaki. Wati sikujumlisha.

Asubuhi ofisi ikiwa tupu, visahani vilikula kidogo. Saa sita wateja wakijaa na laptop zao, vinavuta mpaka mwisho, cha bosi, kilichochomekwa tundu la mwisho, kinakosa.

Nikanunua swichi kubwa kimyakimya. Mtandao ukatulia.

"Umeona?" Mama Benedicta akacheka. "Tangu yule aondoke, raha tupu."

"Ndiyo, Mama," nikajibu.

Ndiyo, Mama! Naona aibu hata kuyaandika maneno hayo.

Mafundi wenzangu, jumlisheni wati za kila kifaa kikiwa na watu wengi, wekeni na ziada, ndipo mnunue. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mtu hajabebeshwa begi lake.

Mama Benedicta, najua unasoma humu. Yule dada hakuchomoa chochote. Ni mimi.

Séphora, sijui uko wapi. Niliangalia mu carton. Nilichelewa siku moja, halafu nikanyamaza miaka yote hii.